Daftari Bila Mali

Wahenga walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, wakaishia hapo. Juu ya daftari bila mali hawakusema neno, na siwalaumu. Zama zao hapakuwa na mtu aliyekesha hadi usiku wa manane akijaza safu na mistari kwa hesabu za chuma asichokimiliki, cha kijiji kisichokuwepo, ili akivamie kijiji kingine kisichokuwepo vilevile. Sisi tumejaliwa kumwona. Yuko Litein, yuko Kapkatet, yuko Sotik na Mogogosiek. Mchana ana kibanda cha M-Pesa, au anafundisha hesabu katika shule ya kutwa, au anangoja barua ya ajira iliyokawia njiani. Usiku ni jemadari. Silaha yake kuu ni jedwali la Excel alilolitengeneza mwenyewe, bila kuombwa na mtu wala kulipwa na mtu. Lucian wa kale alimsifu nzi, na Erasmus akachapisha mwaka 1511 kitabu kizima cha kusifu upumbavu. Jedwali la mchezo wa vita lina usumbufu wa yule wa kwanza na ustahimilivu wa huyu wa pili, na mpaka leo halijapata wa kulisifu. Naomba nafasi.

Kwa asiyejua, iko michezo ya vita inayochezwa kwenye kivinjari cha kawaida, hata kwa simu dhaifu na bando la shilingi chache. Mmojawapo ni Tribal Wars, uliozaliwa Ujerumani mwaka 2003 na ambao wenyewe, kampuni ya InnoGames, wako Hamburg. Unapewa kijiji kimoja kwenye ramani ya miraba elfu moja kwa elfu moja. Unakata mbao, unachimba udongo na chuma, unapandisha ukuta, unafunza watu wa mikuki, wa shoka na wa farasi. Na jirani yako, ambaye huenda ni mwalimu wa Ureno au dereva wa Poland, anafanya vivyo hivyo ili akumeze. Hakuna milio ya bunduki wala damu kwenye kioo. Kuna namba. Asiyependa namba hutekwa wiki ya kwanza na kurudi kwenye mpira.

Kila askari ana mwendo wake. Katika dunia za mchezo huo zenye kasi ya kawaida, mpelelezi huvuka mraba mmoja kwa dakika 9, mwenye shoka kwa 18, mwenye upanga kwa 22, na gogo la kubomolea ukuta kwa dakika 30. Wa mwisho ni mheshimiwa mmoja, tumwite mwinyi, ambaye peke yake ndiye anayeweza kuwashawishi wanakijiji wahamie upande wako. Huyo huenda kwa maringo, dakika 35 kwa mraba. Jeshi zima hufuata mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Basi kijiji chako kikiwa kwenye mraba wa 500|500 na cha adui kwenye 503|504, Pythagoras anakuambia umbali ni miraba 5, na mwinyi wako atakuwa njiani dakika 175, yaani saa mbili na dakika 55. Utiifu wa kijiji huanzia 100, na kila mwinyi akifika huupunguza kwa kati ya 20 na 35. Kwa kawaida unahitaji wanne, na wote wafike wakifuatana ndani ya sekunde moja, kabla mwalimu wa Ureno hajachomeka askari wake katikati yao.

Hapo ndipo jedwali linapoingia. Lina safu ya kijiji kinachotoka, safu ya kijiji kinachoendewa, safu ya umbali, safu ya mwendo na safu ya saa ya kuondoka iliyopakwa rangi nyekundu. Kazi yake ngumu kuliko zote ni saa. Seva huenda kwa saa ya Ulaya, simu inaonyesha saa ya Nairobi kwa mtindo wa Kizungu, na kichwa cha jemadari kinahesabu saa za Kiswahili kuanzia macheo. Akitaka, katika miezi ya baridi ya Ulaya, mashambulizi yatue saa nane usiku ya London, adui akiwa anakoroma, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya michai na wachumaji wakijifunga aproni zao za plastiki. Jedwali huzibadilisha saa zote tatu bila kununa. Isipokuwa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, Ulaya inaposogeza mishale ya saa zake: hapo majeshi yote hukosea kwa saa nzima, na jedwali halisemi kitu. Kiongozi hodari hajitetei.

Nasaba ya jedwali ni ya kuheshimika. Upande wa baba ni askari. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alichapisha kanuni, zilizotokana na kazi ya baba yake, za mchezo wa vita wenye ramani, dadu na majedwali ya kuonyesha ni watu wangapi wataanguka kwa umbali gani. Maofisa wakajifunza kuua kwa kusoma safu kabla ya kuua kwa risasi. Upande wa mama ni mhasibu: mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya kwanza ya majedwali kwa kompyuta ndogo, na Excel ikafuata mwaka 1985. Mtoto aliyezaliwa akarithi ukatili wa mhasibu na subira ya askari wa lindo. Ana pia binamu tajiri huko Iceland, mchezo wa EVE Online ulioanza mwaka 2003, ambao wachezaji wake walipiga hesabu nyingi hata watu wakaudhihaki kuwa ni majedwali yaliyorushwa angani. Wenye mchezo hawakuona haya. Mwaka 2022 walitangaza ushirikiano na Microsoft ili data za mchezo ziingie moja kwa moja ndani ya Excel, na dhihaka ikageuka bidhaa.

Fadhila ya kwanza ya jedwali ni kuondoa uvivu. Mchezo ulibuniwa ili mtu apumzike baada ya kazi. Jedwali limeirekebisha kasoro hiyo. Zamani kijana alikuwa akipoteza saa moja kwa siku. Sasa anatumia nne, na hakuna hata dakika moja inayopotea, maana zote zimeandikwa.

Fadhila ya pili ni kumpa mtu heshima katika kushindwa. Asiye na jedwali akitekwa kijiji hulaani stima, bando na wachawi. Mwenye jedwali anajua alitekwa kwa sababu ukuta wake ulikuwa daraja la 17 badala ya 20, na kwa sababu shamba lake lilikuwa limefika kikomo cha wakazi 24,000 bila yeye kuacha nafasi ya watu wa mikuki. Kashindwa vilevile, tena na adui yuleyule. Lakini kashindwa akiwa na ushahidi.

Fadhila ya tatu ni undugu. Jedwali halikai kwa mtu mmoja. Hutumwa kwa muungano mzima, na kila mwanachama hubadilisha seli moja huku akiapa kwamba hakugusa kitu. Baada ya wiki kuna faili iitwayo "mpango", nyingine "mpango mpya", nyingine "mpango mpya wa mwisho" na nyingine "wa mwisho kabisa usiguse", na vita hupiganwa kwa ile ya kwanza. Hata hivyo msidharau. Mpaka wa Sotik na Borabu ulishuhudia nyumba zikichomwa mwanzoni mwa 2008. Ndani ya jedwali, Mkipsigis wa upande huu na Mgusii wa upande ule wamo katika mistari miwili inayofuatana, na kinachoulizwa juu yao ni mikuki mingapi tu.

Maadui zake husema kwamba linakosea. Ni kweli, na linakosea kwa kiwango ambacho wengi wetu hatutakifikia. Mwaka 2020 karibu wagonjwa 16,000 wa korona walitoweka kwa muda kwenye hesabu za Uingereza, kwa kuwa faili ya Excel ya mtindo wa zamani hukoma kwenye mstari wa 65,536. Mwaka huohuo wataalamu wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walisalimu amri, wakaidhinisha majina mapya kwa jeni kama MARCH1 na SEPT1, baada ya miaka mingi ya kuona Excel ikizigeuza tarehe. Programu iliyowapigisha magoti mabingwa hao haiwezi kumwogopa kijana wa Mogogosiek. Akiandika 3-4, akikusudia wapelelezi watatu hadi wanne, analetewa tarehe 3 Aprili. Akiifuta na kuandika tena, inarudi.

Wazee wa bao nao hucheka. Mchezaji hodari wa bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, hubeba hesabu zote kichwani huku akiteta siasa na kumtania mpinzani wake, wala hangoji stima irudi. Yote hayo nayakubali. Ila umahiri wa mzee huyo hufukiwa pamoja naye, na mwanafunzi wake huanza upya. Jedwali hurithiwa na mjinga yeyote mwenye barua pepe, nami nazungumza hapa kwa niaba ya wajinga.

Upinzani mkali zaidi hutoka jikoni.

"Hivyo vijiji vyako viko vingapi?" mama humuuliza jemadari.

"Arobaini na viwili, mama."

"Vina ng'ombe?"

"Havina."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mama hugeukia sufuria yake. Katika nyumba ya Kipsigis, mjadala wa mali umekwisha hapo.

Lakini jikoni humohumo, juu ya kabati, kuna kaunta buku yenye mgongo mwekundu. Mistari yake imepigwa kwa rula: tarehe, jina la mchumaji, kilo. Mama ana michai yake, na majani mawili na chipukizi hupelekwa kituoni kila zamu ya kuchuma inapofika. Mchumaji hulipwa na mama kwa kilo, na mama hulipwa na kiwanda kwa kilo, kwa hiyo kila mfuko una namba mbili zinazopaswa kupatana. Risiti za mizani ya kielektroniki zimebanwa kwa pini pembeni mwa ukurasa, na nyingine zimefifia hadi zimebaki karatasi nyeupe. Miaka yote hiyo mama ameandika bila kujumlisha. Alasiri moja mvua ikamfungia kijana ndani na mtandao ukakatika. Kwa kukosa vita, akachukua kaunta buku, akaingiza kilo za mama kwenye safu mojawapo ya jedwali lake, chini ya kichwa kilichokuwa kikisomeka "Mashambulizi". Kosa la kwanza lililoonekana lilikuwa la mama mwenyewe: 17 iliyoandikwa vibaya ikasomeka 11. La pili halikuwa lake. Tofauti yenyewe kati ya daftari na mizani ilikuwa kilo chache, si za kumpeleka mtu mahakamani. Ila nyumba ile ilikuwa imeishi na tofauti hiyo kama fununu, na sasa ikawa nayo kama namba.

Hapa ndipo penye sifa kuu ya jedwali, ambayo nimeichelewesha kusudi. Bonyeza seli yoyote, na juu utaona namba ile imetoka wapi: ipi imezidishwa na ipi, kipi kimetolewa, nani kachangia. Ndani ya jedwali hakuna namba yatima.

Mkulima mdogo wa chai wa Kericho na Bomet amelelewa na namba yatima. Majani yake huenda kwenye kiwanda kinachosimamiwa na KTDA, wakala wa wakulima wadogo wa chai, na zaidi ya kilo nne za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyokaushwa. Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, kwa dola. Kutoka hapo hutolewa kuni, stima, mishahara, usafirishaji, mikopo na ada ya usimamizi. Mkulima hupata malipo ya kila mwezi, kisha mwaka wa hesabu unafungwa tarehe 30 Juni, na kuelekea Septemba au Oktoba inatangazwa bonasi: shilingi kadhaa kwa kilo. Basi. Kwa mwenye kilo 3,000, kila shilingi moja ya namba hiyo ni shilingi 3,000, karo au bati. Na kwa kawaida viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa, upande wa Mlima Kenya, hutangaza bonasi inayowazidi watu wa huku. Sababu hutolewa kila mara: ubora wa majani, wanunuzi, gharama za uzalishaji. Huenda zote ni za kweli. Ila zinakuja zikiwa maneno, na namba inakuja peke yake.

Linganisheni sasa. Kampuni ile ya Hamburg hutoa faili kila saa yenye vijiji vyote vya dunia yake, wenye vijiji hivyo na pointi zao, wazi kwa yeyote, ili mchezaji anayetaka kujitengenezea zana ajitengenezee. Kwa vijiji ambavyo havipo, habari huja kila saa. Kwa majani yaliyochumwa na mkono wenye sugu, yakapimwa, yakapakiwa kwenye lori na kufika Mombasa, ngoja Oktoba.

Na msidhani kwamba mchezo wa mikakati ni mgeni huku kwetu. Miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay walipoanza kupanda chai Kericho, walikuja na ramani, vipimo na vitabu vya hesabu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Laibon, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na ukoo wao wa Talai ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Upande mmoja ulikuwa na daftari, upande wa pili ulikuwa na mali, na kila mtu anajua mali ilienda wapi. Mashamba hayo makubwa yamebadilisha mikono tangu wakati huo, juzijuzi yakaingia katika himaya ya Browns ya Sri Lanka, na vitabu vya hesabu vimehama pamoja na funguo za ofisi.

Dunia ya jedwali ina hata maadili, jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni za mchezo zinakataza kuweka roboti ikuchezee. Ukibainika, akaunti hufungwa na vijiji vyako vyote huachiwa magugu. Mashambani mambo ni tofauti. Mashine za kuchuma zimechukua nafasi ya mikono mingi, na Mei 2023 waandamanaji Kericho walizichoma baadhi yake. Kampuni zilisema mashine ni nafuu, na hesabu za kuonyesha unafuu huo zilikuwa kwao. Waliokuwa barabarani hawakuwa na hesabu ya kuweka mezani, ya kuonyesha familia ngapi zilikula kwa mikono ile na duka gani la Kapsoit litafunga mlango. Walikuwa na kiberiti. Kiberiti nacho ni zana, lakini hakina safu ya pili.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo nitaje kasoro kabla sijaharibu kazi ya watu. Jedwali hili halina safu ya mvua ya mawe, na kila mtu wa Kericho anajua kwamba robo saa ya mawe inatosha kuyachanachana majani ya wiki mbili bila kushauriana na Excel. Halijui kwamba barabara ya kituoni imekatika na lori halitafika leo. Halijui kuwa mchumaji ana mtoto mgonjwa. Linamfanya mtu mwenye busara aseme mbele ya wazazi wake kwamba hawezi kwenda harusini kwa sababu mwinyi wake anatua saa kumi. Na baada ya yote hayo, kijiji cha 503|504 bado kiko mikononi mwa mwalimu wa Ureno, ambaye inaonekana ana jedwali zuri zaidi.

Hata hivyo naleta ombi. Mwaka huu bonasi itakapotangazwa na wakulima wakaitwa mkutanoni kiwandani, msimwache jemadari nyumbani na vijiji vyake. Mpeni kiti, hata cha nyuma. Atakuja amechelewa, macho mekundu, laptopu chini ya koti kwa sababu ya manyunyu. Vita vyote alivyopigana havikumpa shilingi, lakini vimemharibu kwa namna moja yenye faida: hawezi tena kuiona namba akaiacha ipite bila kuibonyeza. Mwenyekiti atasoma kiwango cha mwaka, watu wataguna, mzee mmoja atasimama kumshukuru Mungu kwa kidogo kilichopatikana. Kisha kijana atainua mkono na kuuliza, kwa adabu zote, fomula ya namba hiyo iko kwenye seli gani.